Sahihi ya Kumi na Moja

Nilimpinga baba yangu mzazi mbele ya Kamati ya Mipango Miji. Kwa maandishi. Nakala tatu, zote zimepigwa muhuri, na muhuri wenyewe niliugonga mimi kwa mkono wangu huu wa kulia. Mtu akiniambia kwamba hayo ni mambo ya kawaida, yanatokea, nitamwangalia tu, maana jibu sina. Na mimi si mtu wa kukosa jibu. Kazini wananiita Mama Sauti, na hawakunipa jina hilo kwa sababu naimba.

Baba alikuwa anaomba kitu kimoja: ruhusa ya kugeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kiwe karakana ya kuchonga funguo. Basi. Katika miaka yake sabini na mitatu hakuwahi kuliomba jiji kitu kingine, na mimi binti yake ndiye niliyemzibia. Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati mtasema nimerukwa na akili.

Baba ni fundi wa kufuli na funguo. Mtaani wanamwita Mzee Kitasa, na nikiwa mdogo nilidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Hana mashine. Anachonga kwa tupa, na tupa zake anazijua tabia, ipi kali, ipi mvivu. Ukimletea kitasa kilichopoteza ufunguo hakibomoi. Anachukua ufunguo ambao haujachongwa, anaupitisha kwenye moshi wa mshumaa mpaka uwe mweusi, anauingiza kwenye kitasa, anauzungusha kidogo, anautoa. Pale masizi yalipokwaruzika ndipo pa kuchonga. Anarudia hivyo mara kumi, mara ishirini, haongei, hata kupumua sijui anapumua saa ngapi, mpaka kitasa kinakubali. Hapo anakukabidhi ufunguo wako na kusema neno moja: "Jaribu." Maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Mdomo nilirithi kwa marehemu mama. Kwa baba nilirithi ukubwa wa miguu tu.

Kazi hiyo ameifanyia vibandani, na vibanda vyake vimevunjwa mara nne. Cha kwanza kilikuwa kwenye ukuta wa hospitali, cha pili nyuma ya posta, cha tatu langoni mwa soko, cha nne jirani na mahakama, tena pale alikuwa na wateja mpaka mahakimu. Kila mara askari wa jiji walikuja na swali lile lile: kibali kiko wapi? Kila mara hakuwa nacho, kwa sababu kila alipokwenda kukiomba aliambiwa njoo wiki ijayo. Mara ya nne lori lilibeba kibanda pamoja na jiliwa lake, lile alilokuwa anabania funguo tangu mimi sijazaliwa. Wakati huo mimi tayari ni mfanyakazi wa jiji hilo hilo! Nilikwenda yadi kulitafuta, nikagombana na kila niliyemkuta, nikaambiwa vyuma vyote vimeshayeyushwa. Nilirudi kumwambia baba huku nafoka. Yeye akasema, "Haya."

Tangu siku hiyo yuko nyumbani, na wateja wanamfuata huko huko. Alikuwa anachongea barazani, ufunguo ameushika kwa koleo juu ya goti, akikosea kidogo tupa inakula nyama. Goti lake la kushoto lina makovu utadhani amecheza mpira wa miguu kwenye kokoto. Halafu askari wakapita wakamwonya: eneo hili ni la makazi, kazi ya biashara hapa ni kosa, tukikukuta tena tunabeba. Nikamwambia, "Baba, acha. Umri wako ni wa kupumzika. Tupo, tutakulisha."

"Nipumzike nini?" akasema. "Sijachoka."

Nami nikaona ni ukaidi wa wazee, nikaendelea na mambo yangu.

Sasa mambo yangu yenyewe ndiyo haya. Mimi ni karani wa Kamati ya Mipango Miji, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtu akitaka kubadili matumizi ya kiwanja chake, kutoka makazi kwenda makazi na biashara, ombi lake linakuja kwenye kamati. Mimi napokea orodha, naandaa tangazo, napokea mapingamizi, nayasoma kwa sauti siku ya kikao, halafu naandika kumbukumbu. Karani hana upande. Hapigi kura, hachangii, na ni marufuku kabisa kumtungia mtu ombi au pingamizi. Nimewafundisha makarani watatu hiyo kanuni, kwa kidole hewani.

Kuna jambo moja la ofisi yetu mnapaswa kulijua. Orodha ninayopewa haina majina ya waombaji. Zamani yalikuwapo, wajumbe wakawa wanafuatwa majumbani na kubembelezwa, basi ikaamuliwa jina libaki kwenye faili la afisa mipango mpaka siku ya kikao. Mimi naona namba ya kiwanja tu. Namba yenyewe ni ile ya wapimaji, siyo ile ya kibao cha mlangoni. Kwa hiyo ukiniuliza kiwanja themanini na nane kitalu C kiko wapi, nitakwambia mtaa, basi. Nyumba sijui. Nyumba niliyozaliwa, niliyoanguka kwenye ngazi zake nikavunjika jino, kwenye karatasi siijui.

La pili ni tarishi wetu. Kazi yake ni kubandika tangazo kwenye kiwanja kinachohusika. Lakini tarishi wetu ana mgongo mbovu na baiskeli mbovu zaidi, na kwa miaka amekuwa na utaratibu wake mwenyewe: tangazo la mtaa wowote anabandika kwenye nguzo ya kwanza ya umeme, pale mtaa unapoanza, anageuza baiskeli anarudi. Sote tulijua. Hakuna aliyesema kitu, mimi nikiwemo, na mimi ndiye niliyekuwa natia saini kwamba limebandikwa.

Basi tangazo la kiwanja themanini na nane likabandikwa kwenye nguzo ya kwanza ya mtaa wa baba. Na nguzo hiyo iko wapi? Iko mbele ya kiwanja kitupu cha pembeni, ambacho kwa mwaka mzima watu walikuwa wananong'ona kwamba kuna tajiri anataka kujenga baa hapo. Kuna waliomwona kabisa tajiri mwenyewe na tumbo lake akikipima kwa hatua. Watu wakaona tangazo la biashara pale, wakajumlisha moja na moja.

Simu ikaniita asubuhi. Alikuwa jirani wa baba, mama mmoja anayefuga kuku, tunamwita Mama Kuku na mwenyewe anaitika.

"Mwanangu, tumekwisha! Baa inakuja! Wewe uko ndani huko, unakaa kimya?"

"Baa? Wapi?"

"Hapo pembeni! Tangazo hilo limebandikwa! Muziki, ulevi, watu kukojolea kuta zetu. Na baba yako na uzee ule alale saa ngapi?"

Hilo la baba ndilo lililonipandisha mori. Nilimwona mzee wa watu amekaa barazani, walevi wanampitia mbele wanamtukana. Kanuni ya karani hana upande nikaiweka pembeni, nikasema liwalo na liwe. Adhuhuri hiyo hiyo nilifunga mlango wa ofisi nikapiga chapa pingamizi la wakazi, na nilivyokuwa na hasira, vidole vilikuwa vinakimbia vyenyewe.

Na hapa ndipo ujuzi wangu uliponiponza. Mtu wa kawaida angeandika "hatutaki baa", mambo yangeishia hapo, kila mtu angejua kinachosemwa. Lakini mimi ni karani, najua kwamba pingamizi likitaja kitu kisichomo kwenye ombi, mwanasheria wa jiji analitupa. Na kwenye orodha yangu ombi lilisema "biashara" tu. Kwa hiyo neno baa sikuliandika hata mara moja. Niliandika kitaalamu: sisi wakazi tunapinga biashara yoyote ile katika kiwanja namba themanini na nane, na tunaona mwombaji ni mtu asiyejali utulivu wa wazee wala malezi ya watoto, anayetanguliza tumbo lake mbele ya utu. Niliona nimeandika vizuri. Nikajipongeza na mwenyewe kidogo.

Mtaa una nyumba ishirini. Kanuni inasema wakipinga zaidi ya nusu, ombi linakufa, na likishafungwa kiwanja hakiguswi kwa miaka miwili. Kwa hiyo nilihitaji sahihi kumi na moja. Jumamosi nikazunguka nyumba kwa nyumba, jua la utosi, nikapata kumi. Wengine walisafiri, wengine waoga, mmoja aliniambia anapenda baa. Nikabakiza nyumba ya mwisho, ya baba.

Nilimkuta barazani. Aliponiona alifunika goti kwa kitambaa, na tupa akaichomeka chini ya mto wa kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jua lote hili umekuja?"

"Nimekuja unitilie sahihi hapa. Kuna mtu anataka kutuletea balaa mtaani."

Akavaa miwani. Baba husoma taratibu, kila neno anashika kwa kidole kabla ya kwenda lingine. Mimi nimesimama kichwani pake, mdomo haufungi. Nilidhani habari za baa anazijua, mtaa mzima ulikuwa unaziimba. Lakini baba hakai vijiweni, na Mama Kuku akija humpa mayai na kuondoka kwa sababu kuongea na baba ni kama kuongea na mlango.

"Mtu mwenyewe hana haya, baba," nikasema. "Watu wametulia na mtaa wao, yeye anataka kuleta biashara zake hapa. Akatafute kwingine! Tena nasikia ni mtu mzima na mvi zake."

"Kiwanja namba themanini na nane," baba akasoma kwa sauti.

"Hicho hicho."

"Na majirani wote wamekataa?"

"Wote, baba. Hakuna anayeutaka upuuzi huo."

"Hata huyu wa kuku?"

"Huyo ndiye wa kwanza! Tazama, sahihi yake hii hapa."

Akaitazama. Aliitazama muda mrefu, mimi nikadhani miwani imepungua nguvu.

"Na wewe? Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi? Ningekuwa na ruhusa ningelichana hilo ombi nikamtupia usoni."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Akaniomba kalamu. Akaweka sahihi, ya kumi na moja, akanirudishia karatasi, akaniuliza kama watoto hawajambo. Nikamwambia hawajambo. Nikaondoka nimefurahi, jamani, nimefurahi, natembea naimba.

Siku ya kikao ilikuwa Jumatano, wiki tatu baadaye. Ukumbi wetu uko ghorofa ya pili, una feni mbili na moja ni pambo. Wajumbe wanakaa kwenye meza ndefu, mimi pembeni na daftari langu, wananchi nyuma kwenye viti vya plastiki. Siwatazamagi wananchi, kwa miaka kumi na tisa nimezoea kuangalia daftari. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa hesabu, bwana mpole lakini anahesabu kila kitu, hata vikombe vya chai. Tukamaliza ajenda ya kwanza, tukamaliza ya pili.

"Ajenda ya tatu," afisa mipango akasema, akatundika ramani ukutani. "Kiwanja themanini na nane kitalu C. Mwombaji ni fundi wa funguo, anaomba kutumia chumba kimoja cha mbele kama karakana. Mwombaji yupo?"

Niliposikia fundi wa funguo, niliinua kichwa. Kwenye ramani, kiwanja kilichopakwa rangi hakikuwa cha pembeni. Kilikuwa cha mwisho kabisa, kule mtaa unakofia.

"Nipo," ikajibu sauti niliyoijua.

Baba alikuwa amesimama mstari wa nyuma. Amevaa koti alilovaa siku ya harusi yangu, kofia ameishika kifuani. Mungu wangu! Masikio yakaanza kuvuma, nikasikia kama watu wanaongea wako mbali, ndani ya tangi. Nilimtazama baba, yeye akatazama mbele kwa mwenyekiti. Hakunigusa hata kwa jicho.

"Kuna pingamizi?" mwenyekiti akauliza.

"Lipo moja," akasema afisa mipango. "Karani, tusomee."

Tusomee! Nikasimama. Karatasi ile niliyojipongeza kwa ajili yake ilikuwa mkononi, na kila neno nililijua kabla sijalifikia. Nikasoma kwamba wakazi wanapinga biashara yoyote ile. Nikasoma kwamba mwombaji ni mtu asiyejali utulivu wa wazee. Nikasoma kwamba anatanguliza tumbo lake mbele ya utu. Hiyo sauti yangu ya kuitiwa jina, siku hiyo ilitoka nyembamba mpaka mjumbe mmoja akasema, "Karani, ongeza sauti, hatusikii." Nikaongeza. Nikamsomea baba yangu matusi yangu kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

Halafu majina. Nilipofika la kumi na moja nililisema haraka haraka. Mwanasheria wa jiji, mwanamke kijana mwenye macho ya mwewe, akainua mkono.

"Rudia hilo la mwisho."

Nikarudia.

"Si ndilo jina la mwombaji?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akaomba karatasi, akalinganisha sahihi na ile ya kwenye ombi, akavua miwani.

"Mzee, mbona sielewi. Wewe ndiye unayeomba, na wewe ndiye unayepinga?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Uliisoma hii karatasi?"

"Niliisoma."

Mwalimu wa hesabu akahesabu. "Nyumba ishirini. Sahihi kumi na moja. Ukiondoa yako zinabaki kumi, ambazo ni nusu, siyo zaidi ya nusu. Pingamizi linaanguka. Na ombi lako mimi sioni ubaya wake, chumba kimoja, tupa na mshumaa. Ondoa sahihi yako, mzee wangu, twende mbele."

Nikasema kimoyomoyo, ondoa, baba, ondoa, nakuomba.

Baba akageuza kofia mikononi. "Nikiiondoa, mtaandika sababu?"

"Lazima iandikwe," akasema mwanasheria. "Kwamba hukuelewa unachosaini, au ulishawishiwa vibaya."

"Na aliyeileta karatasi ataulizwa?"

"Ataulizwa, tena na mimi. Kupata sahihi ya mtu kwa ujanja ni kosa. Nani alikuletea?"

Feni moja ile inazunguka. Ilikuwa zamu yangu kusema, na kila mtu anayenijua angekwambia Mama Sauti hawezi kushindwa hapo. Ningesema ni mimi, nimevunja kanuni, huyu ni baba yangu, nifukuzeni lakini mpeni chumba chake. Maneno yalikuwapo, nilikuwa nayo yote. Sikuyasema. Niliwaza kazi yangu, niliwaza watoto, na kalamu ilikuwa inaandika yenyewe kila kinachosemwa.

"Ilipita mlango kwa mlango," baba akasema. "Aliyeileta simkumbuki. Uzee." Akairudisha kofia kifuani. "Mheshimiwa, sahihi yangu siiondoi. Naondoa ombi."

"Mzee! Unajua likifungwa ni miaka miwili?"

"Nimeambiwa. Majirani wamekataa, wote. Mtu hakai na watu kwa nguvu. Naliondoa."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama wajumbe, akainua mabega. "Karani, andika. Mwombaji ameondoa ombi lake kwa hiari yake."

Nikaandika.

Kikao kilipoisha nilishuka ngazi mbio, nusura nianguke. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, koti amelikunja juu ya goti lile bovu. Nilijitupa pembeni yake na mavazi yangu ya kazi, watu wanapita.

"Baba, kwa nini hukuniambia ombi ni lako?"

"Ningekwambia, ungenipitishia mlango wa nyuma. Nakujua wewe. Wamenivunjia mara nne kwa kukosa karatasi. Nikasema safari hii niipate kama wanavyoipata watu wengine, mtu asije akasema nimependelewa na mwanangu."

"Na ile Jumamosi? Kwa nini ulisaini? Kwa nini hukunifukuza na upumbavu wangu?"

Akafikiri. Baba akifikiri unasikia kabisa. "Ulisema mtaa mzima haunitaki. Ukaonyesha na sahihi. Na wewe ukasema ungenitupia usoni. Sasa nibishane na nani?"

"Baba, tulidhani ni baa!"

"Baa gani?"

Nikamweleza. Nguzo, tarishi, tajiri mwenye tumbo, kiwanja cha pembeni, Mama Kuku na simu yake. Nilieleza nikilia, kamasi zinashuka, sijali. Baba alinisikiliza mpaka mwisho mdomo ukiwa wazi. Sijawahi kumwona baba mdomo wazi.

"Kwa hiyo hawakunikataa mimi," akasema.

"Hapana, baba. Hakuna aliyekukataa."

"Hata wa kuku?"

"Hata wa kuku."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Wiki tatu alikuwa anapokea mayai ya yule mama akijua anachukiwa, na alikuwa anasema asante. Nikamwambia narudi juu sasa hivi, nakwenda kumwambia mwenyekiti kila kitu. Akanishika mkono, na vidole vya fundi funguo vikikushika huendi popote.

"Utamwambia nini? Ombi halipo tena. Utapoteza kazi na karakana sitapata. Kaa."

Nikakaa. Mungu anisamehe, nilikaa. Atakapoweza kuomba tena atakuwa na miaka sabini na mitano, na mkono wake wa kulia umeshaanza kutetemeka.

Tulikaa hivyo, watu wanatupita. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo jema lililompata njiani, "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona kazini. Unaandika haraka! Nilipokaa nikakutazama sana, mpaka bwana mmoja wa kiti cha jirani akaniuliza kama namjua yule karani."

"Ukamwambiaje?"

"Walikuwa wameshaanza kuuliza nani aliileta ile karatasi," baba akasema. "Nikamwambia simjui."